Maswali ya wasomaji: Chupa mbili zinamwagika, kila moja kwa sababu yake

*Shikamoo Mwalimu. Ninasoma shahada ya uzamili na nimekwama. Nilipewa kopolima tatu, yaani minyororo mirefu ya molekuli yenye mabloku ya vipande vya aina mbili, zilizotengenezwa kwa malighafi zilezile mbili, polietilini oksaidi na polipropilini oksaidi. Majina yake ni Pluronic F127, Pluronic F68 na Pluronic P123. Nikapima asilimia 20 ya kila moja kwa uzito, nikayeyusha katika maji, nikaziacha chupa mezani, chumba kikiwa nyuzi 25. F127 imekuwa jeli: naipindua chupa juu chini, halidondoki hata tone. F68 inamwagika. P123 nayo inamwagika, ingawa bloku yake ya katikati ndiyo ndefu kuliko zote. Msimamizi wangu ameuliza swali moja tu: urefu wa bloku unafanya nini kwenye mtiririko? Nikamjibu kwamba mnyororo mrefu una mnato mkubwa. Akaniangalia, akanyamaza, akaondoka. Nilikosea wapi?*
*— Mwenye chupa tatu*

Marahaba, mwanangu. Jibu lako si baya, ila ni la polima nyingine. Polima ya aina moja tu, iliyoyeyuka vizuri, huongeza mnato kadiri mnyororo unavyorefuka, maana minyororo mirefu hunasana na kuburutana. Lakini jaribu hili. Chukua polietilini oksaidi tupu yenye uzito wa molekuli 12,000, karibu sawa na F127 yako, uiyeyushe kwa asilimia 20 ileile. Utapata kimiminika kizito kidogo, kinachomwagika bila ubishi. Urefu wa jumla ni uleule na jeli huioni. Basi kinachoigandisha F127 si urefu wa mnyororo mzima. Ni namna urefu huo ulivyogawanywa.

Wewe umeandika bloku. Mimi nitasema pingili, kama za mwanzi, kipande kati ya fundo na fundo. Kila mnyororo wako una pingili tatu. Za pembeni mbili ni polietilini oksaidi, huyo tumwite mpenda-maji. Ya katikati ni polipropilini oksaidi, mkimbia-maji. Na kabla hujagusa chombo chochote cha kupimia, soma majina kwenye lebo, maana waliotunga majina hayo walikuwa wanakusaidia. Herufi inakwambia sura ya kitu kikiwa kikavu: F ni magamba, P ni ujiuji mzito kama nta laini, L ni kimiminika. Tarakimu ya mwisho ukiizidisha kwa 10 unapata asilimia ya mpenda-maji. F127 ina 70, F68 ina 80, P123 ina 30. Watu wa dawa wana mtindo wao: wao huita F127 poloksama 407, na hapo tarakimu mbili za mwanzo, 40, ukizizidisha kwa 100 unapata uzito wa pingili ya katikati, yaani 4,000 hivi. F68 kwao ni poloksama 188, katikati 1,800. P123 ni 403, katikati 4,000 tena.

Sasa geuza uzito kuwa idadi ya vipande. F127 ina mpenda-maji 100 upande huu, mkimbia-maji 65 katikati, na 100 upande wa pili. F68 ina 76, kisha 29, kisha 76. P123 ina 20, kisha 70, kisha 20. Ziandike hizo namba tatu tatu kwenye karatasi, moja chini ya nyingine, uzitazame dakika mbili kabla ya kuendelea kusoma. Msimamizi wako hakukuchagulia chupa ovyo. Kati ya F127 na F68, pingili za pembeni hazijatofautiana sana. Iliyopunguzwa zaidi ya nusu ni ya katikati. Kati ya F127 na P123, ya katikati karibu ni ileile. Zilizokatwa ni za pembeni, kutoka 100 hadi 20. Ni majaribio mawili ndani ya moja, na wewe umeyajumlisha ukaona "moja imeganda, mbili zinamwagika". Chupa mbili zinamwagika, ndiyo, lakini kila moja kwa sababu yake.

Tuanze na F68. Ziweke chupa zote tatu kwenye jokofu mpaka kesho, nyuzi 4. Ukizitoa zote zitamwagika, hata F127. Polipropilini oksaidi ina tabia ya ajabu kidogo: kwenye maji ya baridi inakubalika. Molekuli za maji hujipanga kuizunguka na kuivumilia. Ukipasha, mpangilio ule unakuwa ghali, maji yanataka uhuru wake, na mkimbia-maji anaanza kustahili jina lake. Hapo pingili za katikati za minyororo mingi hukusanyika kujificha pamoja, makumi ya minyororo katika tonge moja dogo, huku pingili za pembeni zikibaki nje ndani ya maji. Tonge hilo ndilo miseli. Mimi humwambia mwanafunzi afikirie kichwa chenye nywele nyingi zilizochanwa zikasimama: kiini ndani, nywele nje.

Kila kipande cha mkimbia-maji huchangia chuki yake ndogo. Chuki hizo hujumlishwa kwenye mnyororo, lakini athari yake kwenye mkusanyiko si ya kujumlisha, ni ya kuzidisha. Ndiyo maana pingili ya 29 na pingili ya 65 si "nusu na nzima". Kwa F127 ya asilimia 20, minyororo inaanza kukusanyika chini ya nyuzi 20. Kwa F68, nyuzi 25 za chumba chako bado ni baridi. Sehemu kubwa ya minyororo inaelea pweke, kila mmoja na njia yake. Chupa yako ya F68 inamwagika kwa sababu ndani yake miseli karibu hazipo. Ukiipasha hadi joto la mwili zitaanza kujitokeza, na kwa asilimia 20 bado itamwagika. Ukitia chumvi ya kawaida, mkusanyiko utaanza kwenye baridi zaidi kidogo, maana chumvi huyapunguzia maji ukarimu.

P123 ni kesi tofauti kabisa. Miseli anazo, tena nyingi. Anazipata kwenye baridi kuliko hata F127, kwa kuwa ana mkimbia-maji mrefu na mpenda-maji mfupi wa kumzuia. Anachokosa ni nywele. Na hapa ndipo ninapotaka ukae, maana wengi hupita.

Jeli ya F127 haina gundi. Watu wakiiona imesimama ndani ya chupa hudhani kuna wavu, kuna minyororo iliyoshikana mikono kutoka ukuta hadi ukuta. Hakuna. Pingili zake za pembeni ni wapenda-maji, hazina hamu ya kuingia kwenye kiini cha jirani. Kilichomo ni msongamano tu. Vichwa vimekuwa vingi na nywele zimejaa nafasi yote, hakuna anayeweza kusogea bila kumsogeza mwenzake. Mwaka 1957 Berni Alder na Thomas Wainwright walitumia kompyuta za wakati ule kufuatilia mipira migumu isiyovutana hata kidogo, wakaona kwamba ikijaa kiasi fulani inajipanga yenyewe kama fuwele. Leo tunajua kiasi hicho: mpangilio unaanza mipira ikichukua asilimia 49 na nusu hivi ya nafasi. Kuvutana hakuhitajiki. Kubanana kunatosha.

Utauliza: asilimia 20 ya polima inajazaje nusu ya chupa? Kwa nywele. Nywele za polietilini oksaidi hushika maji katikati yake, na maji hayo kwa hesabu ya nafasi ni mali ya miseli. Gramu ya polima haichukui nafasi ya gramu; inachukua nafasi yake pamoja na ya maji iliyoyateka. F127, yenye nywele za vipande 100, huteka mengi. Miseli yake moja ina upana wa nanomita 20 hivi, na sehemu nzuri ya upana huo ni nywele na maji. P123, yenye nywele za vipande 20, ni kichwa kilichonyolewa. Kwa asilimia 20 vichwa vilivyonyolewa bado vinapishana bila kugusana. Ukiisogeza P123 kuelekea asilimia 35 utaona inakataa kumwagika. Na ukiishusha F127 hadi asilimia 10, hata uipashe vipi haitasimama. Miseli zitakuwepo, nafasi ya wazi nayo itakuwepo.

Hesabu ya nywele ni hii. Ndani ya maji yanayozipokea vizuri, unene wa nywele hukua kwa kipeo cha karibu 0.6 cha urefu wa pingili. Ukiongeza urefu mara mbili, unene huongezeka mara moja na nusu. Hilo linaonekana dogo, lakini nafasi ni unene mara unene mara unene, kwa hiyo miseli yenye nywele nyingi itapanuka kukaribia mara tatu na nusu, ilhali uzito wake haujafika mara mbili. Ndiyo maana jeli inapatikana kwa polima kidogo zaidi. Linganisha na mkimbia-maji: kule kuongeza kidogo hubadilisha kila kitu ghafla, huku kuongeza hubadilisha kwa hatua. Mimi nimezoea kusema mkimbia-maji ndiye anayeamua kama kuna kitu na kitakaa muda gani, mpenda-maji ndiye anayeamua kitu hicho kitachukua nafasi gani. Jibu la kumpelekea msimamizi wako ni hilo, lakini usilipeleke kwa maneno yangu; peleka chupa ya F127 ya asilimia 10, ya P123 ya asilimia 35, na F68 uliyoipasha. Atakuelewa bila hotuba.

Jambo moja zaidi juu ya P123 kabla sijakuacha. Endelea kuipasha ile ya asilimia 20. Karibu na nyuzi 60 utaona mnato unapanda bila wewe kuongeza chochote. Nywele fupi zikipashwa zinapoteza maji na kulala, kichwa kinabaki na nywele zisizotosha kufunika mviringo, na miseli inaanza kurefuka kama mnyoo. Minyoo hunasana. Hapo ndipo ile kanuni yako ya mnyororo mrefu inarudi, ila mnyororo wenyewe sasa ni mkusanyiko. Ukifika nyuzi 90 chupa itachafuka iwe nyeupe, acha hapo. Mtu aliyetaka minyoo ya namna hiyo bila kupasha hubadilisha pingili zenyewe. Mwaka 1999 You-Yeon Won, Ted Davis na Frank Bates walionyesha minyoo mikubwa ya polietilini oksaidi na polibutadieni, wakaunganisha viini kikemia, na maji yenye polima kidogo sana yakawa na tabia ya mpira.

Sasa upimaji, kwa sababu najua wiki ijayo utakaa mbele ya riometa, chombo cha kupimia mtiririko kwa kusugua sampuli kati ya sahani mbili. Mimi nilianza vibaya kuliko wewe. Mara ya kwanza kupewa F127 nilitaka kuharakisha, nikapasha maji, nikamwaga magamba. Kila gamba likavaa ngozi ya jeli kwa nje, ndani likabaki kavu. Nikawasha kikorogeo usiku kucha. Asubuhi nilikuta mabonge yanazunguka kama mawe ndani ya povu. Mzee mmoja wa maabara akachukua chupa, hakusema neno, akaifungia kwenye jokofu. Siku iliyofuata ilikuwa maji safi. Kopolima hizi huyeyushwa kwenye baridi, ndipo zikapashwa. Yote niliyokueleza juu ya mkimbia-maji yamo kwenye lile jokofu.

Kosa la pili lilinigharimu zaidi. Nilipima jeli kwa sahani laini, nikapata mkazo mdogo sana wa kuanzia kutiririka, nikausimamia mbele ya watu kwa kujiamini. Jeli haikuwa imetiririka. Ilikuwa imeteleza kwenye chuma, nzima nzima, kama sabuni kwenye bati lenye maji. Siku hizi natumia sahani zenye meno. Pia namimina sampuli ikiwa baridi na maji, nashusha sahani ya juu, ndipo naipasha mahali pake; ukiiweka ikiwa jeli utafungia viputo na mikazo ambayo haitaondoka. Na funika ukingo, maji yakikauka pembeni utaona mnato unapanda wenyewe ukadhani umegundua kitu.

Ukifanya hivyo utaona F127 yako ilivyo: moduli ya unyumbufu, yaani ugumu wake ikisukumwa kidogo, ya maelfu ya paskali, haisogei, haisogei, kisha ukipita mkazo fulani inaachia yote kwa pamoja na kutiririka. Ukiacha kuisukuma, inasimama tena, kwa kuwa msongamano haukuvunjika, ulipangwa upya tu. Gonga chupa kwa ukucha uhisi mtetemo wake kwenye kiganja. Irving Schmolka, aliyechapisha mwaka 1972 juu ya jeli hii kwa ajili ya majeraha ya moto, alikuwa anatafuta tabia hiyohiyo: inamiminwa ikiwa baridi, inasimama ikigusa ngozi. Ukipunguza pingili ya katikati iwe kama ya F68, joto la ngozi halitoshi. Ukipunguza za pembeni ziwe kama za P123, inamwagika.

*Mwalimu, mimi si msomi, niko kwenye maabara ya kiwanda cha rangi za maji. Tunatumia kiongeza mnato ambacho ni polietilini oksaidi ndefu yenye mikia ya mafuta ncha zote mbili. Muuzaji alitubadilishia, akatupa chenye mikia ya kaboni 18 badala ya 12, akasema ni kilekile ila "bora". Rangi sasa imesimama vizuri, haichuruziki ukutani, lakini alama za brashi hazijisawazishi, na kopo likikaa wiki tabaka la maji linajitenga juu. Polima ndefu imebaki ileile. Kaboni 6 tu ndizo zimefanya haya?*
*— Fundi wa rangi*

Hizo hizo 6, ndugu yangu. Na usijishushe, umepima ukutani kitu ambacho wengine huhitaji riometa kukiona.

Wewe pingili zako zimegeuzwa: mpenda-maji yuko katikati, wakimbia-maji wako nchani, wafupi mno. Hilo linabadilisha mchezo wote. Kwa rafiki yetu wa juu hakuna gundi. Kwako gundi ipo. Mkia mmoja unaingia kwenye tonge moja, mkia wa pili unaweza kurudi kwenye tonge lilelile, mnyororo ukajikunja kama petali ya ua, au ukaingia kwenye tonge la jirani ukawa daraja. Madaraja yakitosha, una wavu. Lakini ni wavu wa muda: kila mkia unakaa kidogo, unachomoka, unatafuta pa kuingia. Mwaka 1992 Fumihiko Tanaka na Sam Edwards waliandika nadharia ya wavu wa aina hiyo, wenye vifundo vinavyofunguka na kufungwa.

Mnato wa wavu huo ni zao la vitu viwili: ugumu wake, unaotokana na idadi ya madaraja, mara muda ambao mkia hukaa kabla ya kuchomoka. Ugumu haujali sana mkia una kaboni ngapi. Muda unajali kupita kiasi. Kila kaboni ya ziada hudai nishati ya kuchomoka karibu sawa na mtikisiko mmoja wa joto, na hiyo huzidisha muda mara mbili hadi tatu. Kaboni 6 ni mara mbili kwa mara mbili, sita mfululizo: hiyo ni 64 kwa uchache. Ukitumia tatu badala ya mbili utapita 700. Muuzaji wako alibadilisha muda, si "ubora".

Sasa tazama brashi. Inapopita, inasukuma rangi haraka kuliko mikia inavyoweza kujipanga, madaraja yanakatika, rangi inalegea. Kwa aina zote mbili hiyo ni nafuu kwako. Brashi ikiinuka, mifereji midogo iliyoachwa na unyoya inatakiwa ijifute yenyewe kwa nguvu ndogo sana ya uso wa rangi. Nguvu hiyo haivunji madaraja, inasubiri yafunguke yenyewe. Mkia wa 12 hufunguka haraka, mifereji inajaa. Mkia wa 18 unang'ang'ania, rangi inakauka na mistari yake. Uzuri wa kutochuruzika na ubaya wa kutojisawazisha umeupata kwa bei moja, na hakuna urefu wa mkia utakaokupa kimoja bila kingine.

Tabaka la maji juu ya kopo ni hesabu nyingine. Madaraja yenye nguvu huvutana, na wavu ukijivuta unakamua maji, hasa polima ikiwa kidogo. Nadhani baada ya kubadilisha mliona mnato umepanda, mkapunguza kipimo. Kama ndivyo, mlipunguza minyororo hadi wavu haufiki tena pande zote za kopo. Jaribu kuchanganya aina mbili, ya mkia mfupi ikiwa nyingi na ya mkia mrefu kidogo, ndivyo wenzako wengi wanavyofanya. Usiangalie kiongeza mnato peke yake pia. Sabuni zilizomo kwenye rangi huingia kwenye matonge na kuyaongeza idadi. Zikizidi, kila mkia unapata tonge lake la peke yake na madaraja yanaisha. Ukibadilisha kiasi cha sabuni na cha kiongeza mnato siku moja, hutajua lipi limefanya nini.

Na akija muuzaji mwingine na maneno ya "ileile ila bora", muulize mikia ina kaboni ngapi na polima ya katikati ina uzito gani. Akikosa la kwanza, mrudishe.

*Mwalimu, nina polistirini iliyounganishwa na asidi ya poliakriliki, pingili mbili tu. Nimeiweka majini siku nne, imebaki unga chini ya chupa. Nifupishe polistirini?*
*— Siku nne*

Unaweza kufupisha, lakini si hilo linalokusumbua. Polistirini ni kioo mpaka karibu nyuzi 100. Huyo hakimbii maji tu, amejifungia ndani na kufunga kwa komeo. Siku nne au miaka minne ni mamoja. Yeyusha kwanza kwenye dioksani au dimethili fomamidi, kiyeyusho kinachowapokea wote wawili, kisha ingiza maji tone kwa tone na mwisho uondoe kiyeyusho kwa utando. Lifeng Zhang na Adi Eisenberg walifanya hivyo mwaka 1995 na pingili zako hizohizo, na kadiri asidi ilivyokuwa fupi wakapita kutoka matonge hadi fimbo hadi vifuko. Mtiririko utatofautiana vivyo hivyo: matonge yatamwagika, fimbo zitakusumbua.

Usidhani ukibadilisha polistirini kwa kitu laini utapona. Polibutili akrileti ni laini hata kwenye barafu, na bado minyororo yake haitoki kwenye kiini, maana kila kipande kinachotoka kinalipa bei ya kukutana na maji na pingili nzima ina vipande vingi. Watafiti wa Le Mans, Ufaransa, walipunguza bei hiyo kwa kuchanganya vipande vya asidi ndani ya mkimbia-maji mwenyewe, nusu kwa nusu. Kwa kubadilisha pH, kipimo cha uasidi wa maji, wakaweza kuchagua muda wa kuchomoka, kutoka jeli iliyokufa hadi kimiminika, kwa polima ileile.

Kwa sasa fanya ya dioksani. Andika kwenye daftari kasi uliyoingizia maji, matone mangapi kwa dakika, na joto la chumba. Miseli zilizogandishwa hubaki na sura ya siku zilipozaliwa, na usipoandika hutaipata tena.